Kadi ya michoro imegoma kwenye Linux: mwongozo kamili wa kutafuta moduli ilipokwama

Skrini imebaki nyeusi baada ya kusasisha mfumo. Au picha imeshuka hadi 1024x768 na haipandi. Au `nvidia-smi`, amri ya kukagua kadi ya NVIDIA, inajibu kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva (programu inayoiendesha kadi). Hapo wengi hukimbilia kufuta draiva na kuisakinisha upya, wakashindwa, wakarudia, na mwishowe wakafuta mfumo mzima.

Kusakinisha upya husaidia mara chache, kwa sababu pakeji yenyewe kwa kawaida haina kasoro. Kinachokatika ni mnyororo: kerneli (kiini cha Linux) ione kadi, ipate moduli (sehemu ya draiva inayopakiwa ndani ya kerneli) iliyojengwa kwa toleo lake hasa, ikubali sahihi ya kidijitali ya moduli hiyo, isikute moduli nyingine imeishika kadi, ipate fimwea (faili zinazopakiwa ndani ya kadi yenyewe), kisha maktaba za juu zilingane na moduli. Kiungo kimoja kikikatika, dalili kwa macho ni ileile. Kwa hiyo usiguse pakeji yoyote kabla ya kumaliza hatua ya 3, isipokuwa hatua ya 1 ikikupeleka moja kwa moja hatua ya 4.

## Vinavyohitajika

- Akaunti yenye haki za `sudo`.
- Simu au kompyuta nyingine ya kusomea maelekezo, maana skrini yako inaweza kuzimika katikati ya kazi.
- Intaneti ya waya, au simu iliyounganishwa kwa USB. Wi-Fi inawezekana pia bila dirisha lolote: andika `nmtui`.
- Programu `pciutils`, `mokutil`, na `mesa-utils` (kwenye Fedora inaitwa `glx-utils`).
- Nafasi kwenye diski. Angalia kwa `df -h / /boot`. `/boot` ikijaa, faili ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza kompyuta inapowaka) huandikwa nusu au isiandikwe kabisa, na utahangaika na draiva isiyo na kosa lolote. Ondoa kerneli za zamani kwanza, lakini bakiza moja inayofanya kazi.

## Hatua ya 1: Pata mahali pa kuandikia amri

Skrini ikiwa nyeusi lakini kompyuta imewaka, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Mara nyingi itatokea skrini ya maandishi inayokuuliza jina na nenosiri.

Isipotokea, washa upya na uingie kwenye menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli ya kuwashia: shikilia Shift kwenye mashine za zamani za BIOS, au gonga Esc kwenye za kisasa za UEFI. Chagua "Advanced options" kisha kerneli iliyotangulia. Njia hii ndiyo bora, kwa sababu ikifaulu imekupa pia nusu ya jibu: kadi ni nzima, draiva ni nzima, ila kwa NVIDIA huenda moduli haikujengwa kwa kerneli mpya. Nenda moja kwa moja hatua ya 4, ila kumbuka kwamba `uname -r` sasa inataja kerneli ya zamani: kwenye amri za huko weka toleo la kerneli mpya badala yake, na `dkms autoinstall` iongezee `-k` na toleo hilo.

Kerneli ya zamani nayo ikigoma, bonyeza `e` kwenye GRUB, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, futa `quiet splash`, ongeza `nomodeset` mwishoni, kisha Ctrl+X.

Tahadhari: `nomodeset` ni ya kuingilia tu. Ikiwa imewekwa, `amdgpu` (AMD), `i915` (Intel) na `nouveau` (draiva huria ya NVIDIA inayokuja na kerneli) hukataa kuishika kadi. Kuna watu huiandika ndani ya `/etc/default/grub`, wakaisahau, kisha wakatafuta kwa wiki nzima kwa nini AMD yao ni nzito. Hakikisha:

```
cat /proc/cmdline
```

Ukiiona humo na wewe hukuiweka sasa hivi, iondoe kwenye faili hiyo, endesha `sudo update-grub` (Debian na Ubuntu), washa upya. Huenda kazi imeishia hapo. Na kama kadi ni ya AMD au Intel, hatua zinazofuata zipime bila `nomodeset`. La kuongeza badala yake ni `systemd.unit=multi-user.target`, litakaloishia kwenye maandishi bila kuwasha mazingira ya dirisha.

## Hatua ya 2: Je, kerneli inaiona kadi?

```
lspci -nnk | grep -EA3 'VGA|3D|Display'
```

Mfano wa jibu:

```
01:00.0 VGA compatible controller [0300]: NVIDIA Corporation TU116 [GeForce GTX 1660] [10de:2184] (rev a1)
        Kernel driver in use: nouveau
        Kernel modules: nvidiafb, nouveau
```

Soma mistari miwili ya mwisho kwa utulivu. `Kernel driver in use` ni moduli iliyoishika kadi sasa hivi. `Kernel modules` ni orodha ya moduli zote ambazo kerneli hii inazijua kuwa zinaweza kuishika. Kwenye mfano huu `nvidia` haimo hata kwenye orodha, maana yake haipo kabisa kwa kerneli inayotumika, hata kama pakeji ya draiva inaonekana imesakinishwa. Ingekuwemo kwenye orodha lakini si kwenye mstari wa juu, tatizo lingekuwa kwamba ipo ila imekataliwa au imezuiwa.

Mstari wa `in use` ukikosekana kabisa, kadi haina mwenyewe.

Namba zilizo kwenye mabano, kama `10de:2184`, ziandike pembeni. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: `10de` ni NVIDIA, `1002` ni AMD, `8086` ni Intel. Zitakusaidia kuitambua kadi yako ukifika hatua ya 6.

Kadi isipoonekana hata kidogo, au ukaona `(rev ff)`, acha draiva kwanza. Hiyo `ff` maana yake kerneli imeuliza na kadi haikujibu: imezimwa umeme, imelegea kwenye nafasi yake, au imezimwa kwenye mipangilio ya UEFI.

## Hatua ya 3: Soma kerneli ilichosema

```
sudo dmesg | grep -iE 'nvidia|nvrm|nouveau|amdgpu|radeon|i915|firmware'
```

Kama tatizo lilitokea kabla hujawasha upya, tumia `journalctl -k -b -1`, itakupa maneno ya kuwaka kulikotangulia.

Mistari miwili huwatisha watu bure: `loading out-of-tree module taints kernel` na `module verification failed: signature and/or required key missing - tainting kernel`. Kerneli inaweka alama tu kwamba imepokea moduli ya nje. Imeshaipokea. Endelea kusoma.

Sasa ilazimishe iseme wazi. Badilisha jina kulingana na kadi yako:

```
sudo modprobe -v nvidia
```

Jibu ndilo litakalokupeleka hatua inayofuata:

- `Module nvidia not found in directory /lib/modules/...`: hatua ya 4.
- `Key was rejected by service`, au kwa kerneli za zamani `Required key not available`: hatua ya 5.
- `No such device`: hatua ya 6.
- Kimya, na `lsmod | grep nvidia` inaonyesha kitu: moduli imeingia. Hatua ya 8.

Kwa AMD na Intel, `modprobe` hunyamaza hata mambo yakiwa mabaya, kwa hiyo amini `dmesg`. Ukiona neno `firmware` pamoja na `failed`, ruka hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Moduli haipo kwa kerneli hii

Hapa ndipo wengi hukwama.

Moduli ya NVIDIA haiji ndani ya kerneli. Hujengwa upya kila kerneli inapobadilika, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na DKMS kwenye Debian, Ubuntu na Arch, au akmods kwenye Fedora. Ili ijengwe inahitaji heda (faili za kerneli zinazotumika kujengea moduli) za kerneli hiyohiyo. Tofauti ya tarakimu moja tu kwenye toleo inatosha kuzuia kazi.

```
uname -r
dkms status
```

Unachotaka kuona ni mstari wenye toleo lilelile la `uname -r` na neno `installed` mwishoni:

```
nvidia/550.120, 6.8.0-45-generic, x86_64: installed
```

Ikisema `added` tu, au ikitaja kerneli nyingine, haijajengwa kwa hii. Leta heda:

```
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)          # Debian, Ubuntu
sudo dnf install kernel-devel-$(uname -r)           # Fedora
sudo pacman -Syu linux-headers                      # Arch
```

Anayetumia `linux-lts` kwenye Arch anahitaji `linux-lts-headers`. Kosa hili ni la kila siku. Kwenye Debian weka pia `linux-headers-amd64`, na kwenye Ubuntu `linux-headers-generic`, ili heda zifuate kerneli kila inaposasishwa. Usipofanya hivyo utarudi hapa sasisho lijalo.

Kisha jenga:

```
sudo dkms autoinstall
```

Kwa Fedora ni `sudo akmods --force`. Fedora pia ina mtego wake: baada ya kusakinisha `akmod-nvidia`, ujenzi unaendelea kimyakimya nyuma kwa dakika kadhaa. Ukiwasha upya mapema, unaikata katikati. Subiri hadi `modinfo -F version nvidia` itoe namba.

Arch nayo hufuta folda ya moduli za kerneli ya zamani pindi unaposasisha. Ukijaribu `modprobe` kabla ya kuwasha upya utaambiwa haipo, na kweli haipo. Washa upya tu.

### Ujenzi ukifeli

DKMS itasema `bad exit status`, maneno yasiyo na msaada. Ukweli uko hapa (weka toleo lako):

```
less /var/lib/dkms/nvidia/550.120/build/make.log
```

Tafuta neno `error:` la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo ya lile la kwanza.

`implicit declaration of function` au kosa la muundo wa aina hiyo lina maana moja kwa kawaida: kerneli ni mpya kuliko draiva, na jina fulani ndani ya kerneli limebadilishwa. Heda hazitasaidia. Sasisha draiva, au rudi kwenye kerneli ya awali hadi draiva mpya itoke.

`unrecognized command-line option`, au `gcc-12: not found`, ni kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa moduli) tofauti na iliyojenga kerneli. Mfano unaojulikana ni Ubuntu 22.04: kerneli yake ya 6.5 ilijengwa kwa gcc 12 ilhali kompaila ya kawaida ya toleo hilo ni gcc 11. Dawa ilikuwa `sudo apt install gcc-12`, kisha `dkms autoinstall` tena. `cat /proc/version` itakuonyesha kompaila iliyojenga kerneli yako.

`No space left on device` haihitaji maelezo.

### AMD na Intel

Moduli zao zimo ndani ya kerneli, hakuna cha kujenga. `amdgpu` ikikosekana kwenye Ubuntu, sakinisha `linux-modules-extra-$(uname -r)`. Kama kadi ni mpya kuliko kerneli, sasisha kerneli. Kwa mfano kadi za kwanza za Intel Arc zinataka 6.2 au zaidi.

## Hatua ya 5: Secure Boot imekataa sahihi

```
mokutil --sb-state
```

Ikijibu `SecureBoot enabled`, ulinzi wa UEFI wa kukagua sahihi umewashwa, na kerneli haipokei moduli isiyo na sahihi inayoitambua. Moduli uliyojijengea ina sahihi ya ufunguo wako, na ufunguo huo haujulikani bado.

Unaweza kuzima Secure Boot kwenye UEFI na mambo yakaisha. Ila kama Windows yenye BitLocker iko kwenye diski hiyohiyo, itadai ufunguo wa kurejesha. Usiguse kabla hujaushika mkononi. Anayetumia Ubuntu ana njia nyepesi zaidi: pakeji zinazoanza na `linux-modules-nvidia-` zina moduli zilizokwisha kutiwa sahihi, wala hazijengwi kwenye kompyuta yako.

Wengine, andikisha ufunguo wako (unaitwa MOK):

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der            # Ubuntu
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub                       # Debian
sudo mokutil --import /etc/pki/akmods/certs/public_key.der        # Fedora
```

Utaombwa kutunga nenosiri. Ni la matumizi ya mara moja. Tumia herufi za kawaida tu bila alama, maana skrini utakayoliandikia inasoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, hata kama yako ni ya mpangilio mwingine.

Washa upya. Itatokea skrini ya bluu na itahesabu sekunde 10. Bonyeza kitufe chochote mara moja. Ukiiacha ipite, kompyuta inawaka kama kawaida, ombi lako limefutika, na inabidi uanze tena na `--import`. Huu ndio mlango ambao wengi hupitwa nao huku wameenda kuchukua maji. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika nenosiri, kisha Reboot.

Hakikisha:

```
mokutil --test-key /var/lib/dkms/mok.pub
modinfo -F signer nvidia
```

Amri ya kwanza (weka njia ya faili yako) iseme `is already enrolled`. Ya pili itoe jina. Ikitoa mstari mtupu, moduli ilijengwa kabla ufunguo haujakuwepo, ijenge upya:

```
sudo dkms build nvidia/550.120 -k $(uname -r) --force
sudo dkms install nvidia/550.120 -k $(uname -r) --force
```

## Hatua ya 6: `No such device`

Maneno haya yana sababu mbili zisizofanana. `dmesg` itazitenganisha.

Kadi imeshikwa na mwingine. Utaona `NVRM: The NVIDIA probe routine was not called`, na chini yake nouveau ikitajwa. Izuie kwa faili `/etc/modprobe.d/blacklist-nouveau.conf`:

```
blacklist nouveau
options nouveau modeset=0
```

Faili peke yake haitoshi. Nouveau huwa ndani ya initramfs pia, na huamka kabla diski haijafunguliwa. Jenga initramfs upya:

```
sudo update-initramfs -u      # Debian, Ubuntu
sudo dracut --force           # Fedora
sudo mkinitcpio -P            # Arch
```

Usiizuie nouveau kabla `dkms status` haijasema `installed`. Vinginevyo umefukuza mlinzi wa zamani na mpya hajafika.

Kinyume chake nacho hutokea: faili iliyosahaulika inazuia moduli unayoitaka, hasa kwa aliyebadilisha kadi au aliyewahi kutumia `prime-select intel` kwenye laptopu. Zisake zote:

```
grep -rE 'nvidia|nouveau|amdgpu|radeon' /etc/modprobe.d /lib/modprobe.d
```

Draiva haiitambui kadi. Hapa `dmesg` hutaja tatizo bila kuficha. Ikisema `Legacy drivers`, kadi ni ya zamani: kizazi cha Kepler kiliishia tawi la 470, Fermi 390. Ikisema `not supported by open nvidia.ko`, umesakinisha moduli huria kwenye kadi iliyotangulia Turing, yaani kabla ya 2018. Chukua pakeji isiyo na neno `open`. Na kadi za RTX 50 ni kinyume: zinafanya kazi na `open` pekee. Ubuntu hukuchagulia kwa `ubuntu-drivers devices`.

## Hatua ya 7: Fimwea haikupatikana

```
amdgpu 0000:03:00.0: Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2
```

Namba `-2` maana yake faili haipo. Kwenye Debian sakinisha `firmware-amd-graphics`. Kuanzia Debian 12 iko kwenye sehemu ya `non-free-firmware`, ambayo lazima iwemo kwenye orodha ya vyanzo vya apt. Ubuntu na Arch: `linux-firmware`. Fedora imegawa, ya AMD ni `amd-gpu-firmware`. Jenga initramfs upya kama hatua ya 6, la sivyo moduli itaamka mapema na kukosa faili ambayo ipo.

## Hatua ya 8: Moduli imeingia lakini bado hakuna nafuu

`Driver/library version mismatch` maana yake maktaba zimesasishwa huku moduli ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu. Linganisha `cat /proc/driver/nvidia/version` na `modinfo -F version nvidia`. Washa upya na itaondoka.

Isipoondoka, una draiva mbili: moja kutoka kwenye pakeji za distro (Linux unayotumia, kama Ubuntu au Fedora) na nyingine uliyoiweka kwa faili ya `.run`. Zinafutiana maktaba. Ondoa ya pili kwa `sudo nvidia-uninstall`, kisha sakinisha upya ya distro. Hapa ndipo mahali pekee pa mwongozo huu ambapo kusakinisha upya ndiyo dawa yenyewe.

Mwisho, pima ndani ya mazingira ya dirisha:

```
glxinfo -B | grep -i renderer
```

Jina la kadi yako likitokea, umefika. Likitokea `llvmpipe`, kichakataji ndicho kinachochora kila kitu. Rudi hatua ya 2.

Kwenye laptopu yenye kadi mbili, kuona Intel hapo ni kawaida, kadi kubwa hulala hadi iitwe. Iite:

```
__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B
```

Kwa AMD ni `DRI_PRIME=1 glxinfo -B`.

Na kama kila kitu kinapita, kisha kadi inapotea katikati ya kazi nzito na `dmesg` inaandika `Xid 79` pamoja na `GPU has fallen off the bus`, achana na moduli. Fungua kompyuta, sukuma upya waya wa umeme wa kadi hadi ulie, ichomoe kadi na kuichomeka tena, kisha pima joto na uwezo wa pawasaplai.